Somo kwa Vikundi: Watoto wa Sungura Wasife Mikononi Mwetu



Somo la leo ni la wale wanaofuga sungura na wale wanaofikiria kuanza. Tunajua ya kwamba sungura ni mnyama wa mtu asiye na shamba kubwa. Anakula majani, hahitaji malisho ya mbali, nyama yake inatosha sufuria moja ya jamii, na mbolea yake inafaa sana kwa mboga. Tena anazaa haraka. Hapo ndipo watu wengi huingia kwa furaha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa: sungura anazaa watoto saba leo, na baada ya siku tatu hakuna hata mmoja.

Watu husema, "Sungura wangu anakula watoto wake," au "Ni panya," au hata "Ni jicho la jirani." Katika somo hili tutaangalia sababu zenyewe, moja baada ya nyingine, na tutaona ya kwamba karibu zote zinaweza kuzuiwa kwa mbao chache, wavu wa waya, maji safi na kalamu.

Someni somo hili pamoja kwenye mkutano. Mtu mmoja asome kwa sauti, na mwishoni mjadili maswali.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA KIKUNDI KIZIMA?

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 10 kinaanza na majike 5 na dume 1. Jike aliyetunzwa vizuri kijijini anaweza kuzaa mara 4 kwa mwaka bila kuchoka. Tuseme kila mara anazaa watoto 6. Hesabu ni hii:

Jike mmoja: mara 4 x watoto 6 = watoto 24 kwa mwaka.
Majike 5: 5 x 24 = watoto 120 kwa mwaka.

Sasa, nusu yao wakifa, mnabaki na 60. Mmepoteza 60, na kumbuka wale mama walikula majani yale yale, walikunywa maji yale yale, na mliwafagilia siku zile zile. Chukueni bei ya sungura mmoja hapo sokoni kwenu mzidishe mara 60. Hiyo ndiyo pesa iliyokufa ndani ya kibanda. Kwa vikundi vingine hiyo ni karo ya mtoto wa sekondari, au merigoraundi ya miezi mingi.

Lakini hasara si ya pesa peke yake. Vikundi vingi hufuga kwa njia ya kupitisha: mwanachama anapewa jike, naye akizaa, anatoa majike wawili kwa mwanachama anayefuata. Watoto wakifa, foleni inasimama. Yule anayengoja anaanza kunung'unika. Tuseme mkutano unakuwa hivi:

Mwenyekiti: "Mama, hii ni mara ya pili. Tulikupa jike mzuri, na watoto wamekufa tena. Wenzako wanangoja."

Mama: "Mwenyekiti, mimi nilimlisha vizuri, hata watoto wangu ni mashahidi. Niliamka asubuhi nikakuta wametawanyika kwenye sakafu, wamekauka kwa baridi."

Mwenyekiti: "Kwani hawakuwa ndani ya sanduku?"

Mama: "Sanduku gani? Mlinipa sungura, hamkunipa sanduku. Nilimwekea nyasi kwenye kona."

Huyu mama si mvivu. Kikundi kilimpa jike lakini hakikumpa nyumba ya kuzalia wala mafundisho. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: jike na sanduku lake ni kitu kimoja. Msimpe mwanachama mmoja bila lingine.

2. JUENI TABIA YA MAMA SUNGURA

Mtu akimfuga sungura kama vile anavyofuga paka au mbuzi, atakosea. Mama sungura ana tabia zake.

(a) Hukaa mbali na watoto. Mama sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, saa zingine mara mbili, na kila mara ni dakika chache tu, kama tatu hadi tano. Mara nyingi ni usiku au alfajiri. Baada ya hapo anatoka na kuwaacha. Kwa hivyo ukimwona mchana kutwa amekaa kando na watoto, usiseme ati amewakataa. Hivyo ndivyo alivyo. Kule porini anajitenga ili adui asifuate harufu yake mpaka kwenye shimo la watoto.

(b) Hawabebi watoto. Paka akimwona mtoto ameanguka humbeba kwa meno na kumrudisha. Mama sungura hafanyi hivyo. Mtoto aking'ang'ania chuchu na kuburutwa nje ya kiota, atabaki pale alipoanguka mpaka afe kwa baridi, hata kama mama yuko hatua moja tu. Jambo hili moja linaua watoto wengi sana, na ndilo sababu kubwa ya kutengeneza sanduku lenye ukingo.

(c) Mtoto huzaliwa bila kitu. Hana manyoya, haoni, hasikii. Joto lake lote hutoka kwa ndugu zake, kwa nyasi na kwa manyoya ambayo mama amejing'oa tumboni na kifuani. Macho hufunguka karibu na siku ya 10 hadi 12. Huanza kutoka kwenye sanduku akiwa na wiki tatu hivi.

(d) Akiogopa hufanya mambo ya hatari. Mbwa akibweka karibu, watoto wakipiga kelele, au panya akipita usiku, mama hurukia ndani ya sanduku na kuwakanyaga watoto. Wengine huwauma. Kwa hivyo utulivu ni sehemu ya dawa.

3. NYUMBA YA MAMA

Si lazima iwe ya gharama. Mbao za makombo, mianzi na fito zinafaa, bora mambo haya yatimizwe:

Nafasi. Jike mwenye watoto apate kizimba chake peke yake. Kipimo kizuri ni urefu wa futi 3, upana wa futi 2 na kimo cha futi 2. Usiweke majike wawili pamoja, watapigana na kuuana watoto. Wala dume asikae na jike mwenye mimba au aliyezaa.

Kimo kutoka chini. Kibanda kisimame juu ya miguu, futi 3 hivi kutoka ardhini. Hii inasaidia kuzuia unyevu na mbwa, na wewe unaweza kufagia chini yake na kukusanya mbolea bila kuinama sana.

Sakafu. Ipitishe kinyesi na mkojo, lakini isipitishe mguu. Wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi ni mzuri. Ukitumia mianzi au fito, acha nafasi ya kama nusu inchi, na laini upande wa juu usimchome miguu. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa haufai kwa sakafu: mguu wa mtoto utaingia na kuvunjika, na panya naye atapita.

Paa na upepo. Paa lisivuje na lizidi ukuta kidogo ili mvua isipigwe ndani. Upande mmoja wa kizimba uwe na ukuta mzima, na uelekee kule upepo unakotoka. Kama paa ni la bati, tandaza nyasi juu yake, maanake bati la mchana linamwoka sungura. Sungura huvumilia baridi kuliko joto: joto likizidi nyuzi 30 anaanza kuteseka.

Harufu. Ukifungua mlango na macho yako yakawasha kwa mkojo, ujue mapafu ya watoto yanawasha zaidi. Fagia kila siku, na uondoe mbolea chini ya kibanda kila wiki.

4. SANDUKU LA KUZALIA

Hiki ndicho kifaa kikuu cha somo letu. Fundi wa kijiji anaweza kukitengeneza kwa saa moja, na kijana wa darasa la nane pia akisimamiwa.

Vipimo: urefu inchi 16 hadi 18, upana inchi 12, kimo inchi 12. Upande wa mbele ukate mlango, lakini acha ukingo wa inchi 6 kutoka chini. Mama ataruka juu ya ukingo bila shida, bali mtoto anayeburutwa kwa chuchu atagonga ukingo na kuangukia ndani, si nje.

Toboa matundu madogo chini ili mkojo utoke. Funika nusu ya juu kwa ubao ili pawe na giza. Mama anapenda giza. Usitumie mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au rangi, maanake atazitafuna. Misumari yote ielekee nje au ikunjwe.

Ndani weka maranda ya mbao kidogo chini, kisha nyasi kavu laini nyingi juu yake. Nyasi iwe kavu kabisa, isiwe na ukungu. Unga mwembamba wa mbao usitumie, unaziba pua za watoto. Vitambaa na nyuzi pia ni hatari, zinajifunga shingoni na miguuni.

Katika sehemu za baridi kama Limuru au Nyandarua, hasa mwezi wa Julai, ongeza nyasi na ufunike kizimba kwa gunia usiku, ukiacha hewa ipite. Katika sehemu za joto kama Pwani au Garissa, punguza nyasi na utoboe matundu madogo ubavuni mwa sanduku. Watoto wakiwa wametawanyika na wanahema, wamepata joto kupita kiasi. Wakiwa wamerundikana na wanatetemeka, wana baridi. Wakiwa wamelala pamoja kimya, wako sawa.

5. KALENDA YA MAMA

Jike wa kawaida apandishwe mara ya kwanza akiwa na miezi 5 hadi 6, mwenye mwili mzuri. Mpeleke yeye kwenye kizimba cha dume. Usimlete dume kwake, kwa sababu jike hulinda mahali pake na anaweza kumpiga. Dume akimaliza ataanguka kando. Baadaye mrudishe jike nyumbani kwake, na uandike tarehe siku hiyo hiyo. Kama hukuandika, kila kitu kinachofuata ni kubahatisha.

Mimba huchukua siku 31 hivi, mara nyingi kati ya 30 na 32. Tuseme umempandisha tarehe 1 Machi. Kalenda yako ni hii:

Tarehe 29 Machi (siku ya 28): osha sanduku, likauke juani, tia nyasi, liweke ndani. Ukiliweka mapema zaidi, atalifanya choo.

Tarehe 31 Machi hadi 2 Aprili: ngojea kuzaa. Maji yasikose hata saa moja. Zuia kelele na wageni.

Siku ya kuzaliwa na kila siku baadaye: kagua kiota.

Karibu tarehe 11 Aprili: macho yanaanza kufunguka. Ikipita siku ya 12 na jicho limegandamana, lipanguse kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na kitambaa safi.

Karibu tarehe 22 Aprili: watoto wanatoka na kuonja majani. Siku chache baadaye sanduku liondolewe, lioshwe, likaushwe na kuwekwa tayari kwa mama mwingine.

Tarehe 13 Mei (wiki 6): waachishwe kunyonya. Mwondoe mama, uwaache watoto pale walipozoea kwa siku chache. Kama majani ni haba, ngojeni mpaka wiki ya 8.

Wengine humpandisha mama siku chache tu baada ya kuzaa. Kwa mwenye chakula cha kununua cha kutosha inawezekana, lakini kwa mfugaji wa majani inamchosha mama, na watoto wa mzao unaofuata wanakuwa dhaifu. Ni heri mizao 4 mizuri kuliko 6 ya kufa.

6. KUKAGUA KIOTA

Wengi tumelelewa tukiambiwa, "Usishike watoto wa sungura, mama atawakataa." Mama aliyezoea mikono yako hatawakataa. Hatari kubwa zaidi ni kuacha mtoto aliyekufa aoze katikati ya wenzake. Tena wengine wetu tulikatazwa kuhesabu mifugo. Tunaheshimu wazee, lakini kwa sungura, asiyehesabu hajui ni lini ameanza kupoteza.

Fanya hivi. Mpe mama majani mazuri ili ashughulike, au mtoe kidogo. Osha mikono, kisha ifikiche kwa nyasi za kiota chake. Funua manyoya polepole. Hesabu wazima, ondoa waliokufa pamoja na mabaki ya kondo na nyasi zilizolowa. Angalia matumbo: mtoto aliyenyonya ana tumbo la mviringo lililojaa. Mtoto mwenye ngozi iliyokunjamana hajanyonya. Funika tena kwa manyoya. Yote haya yasizidi dakika tano.

Ukikuta mtoto nje ya sanduku akiwa baridi, usimtupe haraka. Mtoto baridi si lazima awe amekufa. Mshike katikati ya viganja au ndani ya nguo karibu na mwili wako, au mweke kwenye kitambaa juu ya chupa ya maji ya vuguvugu. Akianza kujinyonganyonga na kuwa na joto, mrudishe katikati ya wenzake. Wengi huokoka hivyo.

Kugawana watoto. Mama wengi wana chuchu 8 hivi. Akizaa 11, wadogo watasukumwa na kufa. Ndiyo maana ni vizuri majike wawili au watatu wa jirani wapandishwe siku moja: mmoja akizaa 11 na mwingine 4, mnahamisha 3. Fanyeni hivyo katika siku tatu za kwanza, na watoto wasipishane umri zaidi ya siku mbili tatu. Mfikiche mtoto wa kuhamishwa kwa nyasi na manyoya ya mama mpya, umweke katikati. Hapa ndipo faida ya kikundi inaonekana. Mfugaji aliye peke yake hana pa kupeleka wale watatu. Andikeni ni wa nani, ili baadaye msigombane.

7. "ANAKULA WATOTO WAKE"

Mama sungura hali watoto kwa ubaya. Tafuteni sababu:

Kiu. Kuzaa kunamtoa maji mengi, na anakula kondo. Akikosa maji saa hiyo, anaendelea kula. Mama anayenyonyesha anahitaji lita 1 hadi 2 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Wale wanaosema sungura hanywi maji kwa kuwa anakula majani wanapoteza watoto kila mwezi. Weka chombo kizito cha udongo kisichopinduka, ujaze asubuhi na jioni.

Hofu. Mbwa, panya, kelele, au kufunuliwafunuliwa kiota na kila mgeni.

Njaa ya vyakula vya kujenga mwili. Nyasi tupu haitoshi mwenye mimba. Mwongeze majani ya viazi vitamu, kishona nguo, majani ya maharagwe, peleti au pumba kidogo, na jiwe la chumvi.

Watoto waliokufa. Mara nyingi mama anakula yule ambaye tayari amekufa, akisafisha kiota. Ukikuta nusu ya mtoto, jiulize kwanza alikufa kwa nini.

Mzao wa kwanza. Mama mgeni hukosea. Msamehe mara moja, na umwandalie vizuri zaidi. Lakini akiharibu mara ya pili na ya tatu wakati maji, sanduku na utulivu vipo, huyo ni wa sufuria. Msimpitishe kwa mwanachama mwingine, wala msiweke binti zake kuwa wazazi.

8. ADUI WA NJE

Panya. Huyu huvuta watoto usiku mmoja mmoja, na asubuhi unakuta manyoya tu. Pia anaharibu chakula na kuleta magonjwa. Fyeka majani kuzunguka kibanda, usiache chakula usiku sakafuni, weka pumba kwenye debe lenye kifuniko. Kila mguu wa kibanda uvishwe bati lililokunjwa kama kofia iliyopinduliwa, karibu na juu, ili panya akipanda agonge na kurudi. Kibanda kisiguse ukuta wala matawi. Tumieni mitego. Sumu ya panya isikaribie sungura, kuku wala watoto.

Siafu. Siafu wakiingia kwenye kiota hawaachi kitu. Weka kila mguu ndani ya mkebe wenye maji na mafuta machafu ya gari, ukiufunika kidogo kuku wasinywe. Angalia kila wiki: jani moja lililoanguka juu ya mkebe ni daraja. Ukiona msafara, mwaga majivu mengi kuzunguka na uhamishe sanduku na mama usiku huo huo.

Nyoka, paka, mbwa na nguchiro. Wavu mzima na komeo la kufunga. Kamba ya kufungia mlango si komeo.

9. WIKI ZA HATARI BAADA YA KIOTA

Wengi hulegea watoto wakishatoka. Lakini kati ya wiki ya 4 na ya 10 kuna ugonjwa wa koksidia: mtoto anahara, tumbo linavimba, anakonda na kufa. Unaletwa na kinyesi kuingia kwenye chakula na maji. Kwa hivyo majani yawekwe kwenye hori la pembeni, si sakafuni, na sakafu iwe kavu. Kuna dawa ya kutia kwenye maji. Muulizeni afisa wa mifugo wa kaunti kabla ya kununua, na mfuate kipimo.

Majani yaliyolowa umande yaanikwe kwanza yanyauke, la sivyo matumbo yatajaa gesi. Msiwape majani ya parachichi, ya nyanya wala ya viazi vya kizungu. Ni sumu kwao. Mahindi na pumba zenye ukungu ni za kutupa, wala si za kumpa sungura.

Ukiona ukoko ndani ya masikio au puani, huo ni upele. Mtenge huyo na muite daktari wa mifugo. Usipake mafuta ya gari.

Wakifika miezi 3, tenganisha madume na majike. Na dume asipande binti zake: badilishaneni madume na kikundi cha mbali.

10. KADI YA JIKE

Chukueni kipande cha katoni, mkitundike kwenye mlango wa kizimba, mwandike: jina au namba ya jike, dume, tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuweka sanduku, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa wazima, waliokufa na sababu, walioachishwa.

Kadi hii humaliza ugomvi. Ikiandikwa "watoto 3 walikutwa nje ya sanduku," dawa ni ukingo. Ikiandikwa "walipotea usiku," dawa ni bati na wavu. Ikiandikwa "matumbo matupu," angalieni maziwa, maji na chakula cha mama. Bila kadi, kikundi kinabaki kulaumu mtu.

NENO LA MWISHO

Miaka ya 2010 watu wengi hapa Kenya walikimbilia sungura kwa sababu waliahidiwa soko kubwa, kisha wengi wakabaki na vizimba vimejaa bila mnunuzi. Kwa hivyo anzeni na wachache, leni wenyewe kwanza, na jueni mnunuzi kabla ya kuongeza. Majike 5 ambao watoto wao wanaishi ni bora kuliko 20 ambao kila mwezi mnafukia watoto wao.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mwaka uliopita, kikundi chetu kilipata watoto wangapi, na wangapi walifika wiki 6? Kama hatujui, kwa nini hatujui?

2. Ni wanachama gani waliopewa jike bila sanduku la kuzalia? Tutawatengenezea lini, na nani atatoa mbao?

3. Ni majike gani wanaweza kupandishwa siku moja ili tusaidiane kugawana watoto?

4. Mwanachama akipoteza mzao mzima, kanuni yetu itakuwa nini? Nani atakwenda kuangalia kadi na kibanda kabla ya mkutano kusema lolote?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wawili watembeleane. Kila mmoja apime matundu ya wavu wa mwenzake, achungulie chombo cha maji saa sita mchana, na kuangalia kama miguu ya kibanda ina mikebe na bati. Mlete ripoti ya mliyoyaona, na ya mliyoyatengeneza siku hiyo hiyo.